Mhariri, aunsi 16 peke yake haifanyi glavu kuwa nzuri

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote wa kurasa za michezo. Naomba nafasi kwenye safu ya barua za wasomaji maana kuna jambo limenikaa kooni. Mlitoa makala ya kuwaelekeza vijana wanaoanza ngumi wanunue vifaa gani, na mwanzoni nilifurahi kwa kweli, kwa sababu habari za ngumi siku zote ni mikanda, tambo, nani kampiga nani, nani kamkimbia nani, vifaa hakuna anayevigusa. Nikasoma bandeji, sawa, nikasoma kamba ya kuruka, sawa, nilipofika kwenye glavu nikakuta mistari miwili tu kwamba kijana atafute aunsi 16 na atakuwa salama, basi, mkahamia kwenye viatu. Hapo ndo niliposhindwa kunyamaza.

Mimi nashika pedi. Sio kocha mkuu, sio promota, sina mkanda wowote ukutani, kazi yangu ni kusimama mbele ya watu na kupokea makonde yao viganjani, wembamba kwa wanene, wenye mbinu na wenye nguvu tu basi, na ukifanya kazi hiyo unazijua glavu kwa upande ambao mwenye kuzivaa haujui. Yeye anasikia zimembana vizuri au zinapwaya. Mimi nasikia mfupa wake unanifikia au haunifikii. Kwa hiyo ninayoandika hapa ni ya upande wa anayepigwa, na kwa maoni yangu glavu ya sparing, yaani ya kupigana na mwenzako kwa mazoezi, inatakiwa ikaguliwe kwa upande huo kwanza, rangi na nembo baadaye.

Sasa hiyo aunsi. Aunsi ni uzito tu jamani. Aunsi moja ni gramu 28 na kitu, kwa hiyo glavu moja ya 16 inatakiwa iwe na gramu kama 454, ya 14 gramu 397 hivi, ya 12 ni 340, ya 10 ni 283. Na uzito huo ni wa glavu nzima, ngozi, bitana, uzi, mkanda wa kufungia, sponji, vyote kwa pamoja. Namba haikwambii sponji ni kiasi gani, wala iko wapi, wala ni ya aina gani. Nimeshapokea ngumi za glavu za 16 ambazo mkanda wa mkononi ni mnene ajabu, kiganjani kumejazwa mpaka basi, afu pale mbele kwenye vifundo vya vidole, pale panapogusa uso wa mtu, ukibonyeza kwa dole gumba unakutana na mfupa wa mwenye glavu moja kwa moja. Kwenye mzani ni aunsi 16 halali kabisa. Kwenye sparing ni jiwe lililovalishwa ngozi. Na kuna nyingine hata huo uzito hazina, imeandikwa 16 ukiipima inasoma 13 na kidogo, kwa hiyo mwenye mzani wa jikoni apime tu, kila upande peke yake, tofauti ya gramu chache ni kawaida hasa kwa za ngozi, ila ya kulia na ya kushoto zikipishana sana ujue aliyezijaza alikuwa anakadiria kwa macho.

Na huu ugomvi sikuuanzisha mimi. Zile kanuni za Queensberry za mwaka 1867 ambazo ndo zimezaa ngumi tunazoziona leo hazikutaja aunsi hata mahali pamoja. Zilitaka glavu ziwe za ukubwa wa wastani, za ubora wa juu kabisa, na ziwe mpya, na glavu ikipasuka au ikivuka mkononi ibadilishwe mpaka refa aridhike. Ubora na upya, mwaka 1867 huo! Wakati John L. Sullivan na James Corbett wanagombea ubingwa wa uzito wa juu kule New Orleans mwaka 1892 walivaa glavu za aunsi 5 tu, na mpaka leo kwenye ngumi za kulipwa kwa kawaida ni aunsi 8 mpaka uzito wa welta na 10 kwa wazito kuliko hapo, za ridhaa ni 10 au 12 kutegemea uzito. Lakini hayo ni mambo ya pambano, pale kila mmoja anataka mwenzake asikie. Mazoezini hutaki asikie sana, unataka kesho arudi.

Tena waangalieni wenye pesa zao wanavyobishana. Mei 2014 pale Las Vegas, Marcos Maidana alikuja na glavu za kupigana na Floyd Mayweather, siku moja kabla ya pambano upande wa Mayweather wakazikataa, hoja yao ikiwa kwamba pale kwenye vifundo kinga haitoshi, ikabidi Maidana atumie nyingine. Uzito haukuwa tatizo, wote walikuwa ni watu wa aunsi 8, kilichobishaniwa ni sponji imekaa wapi. Mabingwa wanabishania hilo mpaka usiku wa pambano, sisi tunamwambia mtoto achukue 16 basi.

Afu kuna ile ya 1983 ambayo natamani kila kijana anayeingia jimu asimuliwe siku ya kwanza. Juni 16, Madison Square Garden, New York, Billy Collins Mdogo, kijana wa miaka 21 ambaye hajawahi kupoteza, anapigana raundi 10 na Luis Resto ambaye hakuna aliyemtegemea kufanya maajabu. Collins akapigwa uso ukavimba macho yakafunga, na Resto hakuwa anajulikana kwa ngumi nzito. Baada ya kengele ya mwisho baba yake Collins, ambaye ndo alikuwa kwenye kona yake, akaenda kumpa Resto mkono wa pongezi, akaishika ile glavu, akasikia ni nyembamba. Akapiga kelele palepale. Zilipochunguzwa ikaonekana sponji imetolewa kwa ndani, glavu zote mbili. Resto na kocha wake Panama Lewis walitiwa hatiani mwaka 1986 wakafungwa. Collins jicho liliharibika, hakupigana tena, na mwaka 1984 alifariki kwenye ajali ya gari. Kwa nje zile glavu zilikuwa ni zilezile, nembo ileile, namba ileile, na ni mkono wa mzee mmoja tu ulioshtuka.

Nimeisimulia kwa urefu kwa sababu kinachofanyika kwenye majimu mengi ni hichohicho ila polepole na bila ya mtu kukusudia. Sponji hakuna aliyeichomoa, imekufa yenyewe. Glavu imepiga begi, lile gunia la mazoezi linaloning'inia, muda mrefu, imeloa jasho ikakauka ikaloa tena, pale mbele sponji imelala imekuwa kama ubao, afu jioni mwenye nayo anapanda nayo ulingoni na mwenzake wa mazoezi anamwambia twende. Na kwa kuwa kwa nje bado inang'aa na namba 16 bado inasomeka hakuna wa kumuuliza.

Basi nije kwenye sponji yenyewe maana ndo moyo wa habari hii. Kuna glavu za tabaka, ambazo zimepangwa sponji laini na ngumu moja juu ya nyingine, hizi zikitengenezwa vizuri ndo nzuri zaidi kwa sparing, zinameza ngumi. Kuna za kumimina, sponji imetiwa kwenye umbo ikatoka kipande kimoja, hizi zinashika umbo lake muda mrefu na kwenye begi zinavumilia, lakini nyingi zinakuja ngumu na mpaka zilainike mwenzako ndo kashazilainisha kwa uso. Kuna za singa za farasi, ambazo ni za pambano, zimeshonwa kusudi ngumi ifike, singa zikizoea zinasogea pembeni na vifundo vinabaki vinachungulia, hizo kwenye sparing sitaki kuziona, hata kama mtu anazipenda kwa sababu kamuona fulani kazivaa. Hizi za jeli mimi sizikatai ila mara nyingi hiyo jeli ni kipande chembamba kilichowekwa juu ya sponji ileile, neno limeandikwa kubwa kuliko jeli yenyewe.

Kupima hakuhitaji mtaalamu. Bonyeza kwa dole gumba pale mbele, kifundo kimoja kimoja, usibonyeze katikati tu. Nzuri inaingia taratibu inakataa kataa, ukiachia inarudi yenyewe. Mbaya ama inazama mpaka chini haraka bila ubishi, ama haiingii kabisa. Sikilizia kama unene ni sawa kutoka kifundo cha shahada mpaka cha kidole kidogo, kuna glavu katikati zina mlima na pembeni pamepungua. Afu ivae, jigonge kiganja cha mkono wa pili, kisha jigonge paji la uso, ndiyo, la kwako mwenyewe, kiasi tu. Watu dukani watakushangaa, waache washangae. Kama hukupenda ulichosikia mwenzako naye hatapenda, tena yeye hatakuwa anajigonga kwa upole.

Mkao wa mkono ndani ya glavu ni jambo la pili na hapa makala yenu ndo ilikosea zaidi. Mliandika kama vile mikono yote duniani inalingana. Glavu kadri aunsi zinavyopanda kwa kawaida na nafasi ya ndani inapanuka, sasa mchukue dada mwenye kilo 50 na mkono mdogo mvalishe 16 pana, mkono unaelea humo ndani, akirusha ngumi glavu inafika kwanza mkono unafuata, kifundo cha mkono kinajikunja, na baada ya raundi mbili mabega yamechoka mikono imeshuka anapigwa kirahisi. Hapo 16 imemlinda nani? Huyo 12 nzuri au 14 yenye nafasi nyembamba ndani ingemfaa zaidi, na kuna watengenezaji wanaotoa glavu za mikono membamba, sio lazima ziwe za pinki. Watoto nao wana glavu zao za aunsi 6 na 8 ambazo nafasi ya ndani ni ya mkono wa mtoto, msiwavalishe za kaka zao.

Kwa makadirio tu, kwa maana kila jimu ina taratibu zake, mtu wa chini ya kilo 55 kwenye sparing 12 au 14 inatosha, wa kati hapo mpaka kilo 70 na ushee 14 au 16, kuanzia hapo kwenda juu 16, na wale mabaunsa wa zaidi ya kilo 90 kama inapatikana 18 wavae, hawatapungukiwa kitu. Majimu mengi yanaweka 16 kwa wanaume wazima wote na sio vibaya, inarahisisha. Kwenye begi na pedi mtu anaweza kushuka mpaka 12 au 10. Mimi nikiulizwa kwenye pedi nataka mtu avae ileile anayospari nayo mara kwa mara, mkono uzoee uzito, ila hilo ni pendekezo langu na makocha wengine watanipinga.

Wakati wa kujaribisha uwe umefunga bandeji. Hili watu hawalisikii kabisa, wanajaribu mkono mtupu, wanasema imenikaa, wakifika jimu na bandeji ya mita 4 na nusu haiingii. Ikiwa imefungwa bandeji ncha za vidole ziguse mwisho wa glavu bila kujikunja, ngumi ijifunge bila wewe kupigana nayo, dole gumba lisivutwe nje wala lisisukumwe ndani. Glavu mpya ya ngozi itabana kidogo na ni sawa, itaachia baada ya wiki kadhaa za kazi, lakini ya kupwaya haitakaza hata siku moja. Na kupwaya kuna madhara yake yanayoeleweka: ngumi inatakiwa itue kwa vifundo viwili vya mwanzo, shahada na cha kati, sasa mkono ukizunguka ndani ya glavu unatua upande wa kidole kidogo, na ule mfupa wa kiganja unaobeba kidole kidogo ni mwembamba, unavunjika karibu na kifundo cha kidole, na mvunjiko huo madaktari wa mifupa wanaujua vizuri mpaka wameupa jina la mabondia. Dole gumba nalo angalia limeshonewa kwenye glavu kwa kile kiungo kifupi, glavu yenye gumba linaloning'inia huru haifai, litateguka lako au litaingia kwenye jicho la mwenzio.

Kamba au velkro, ule mkanda wa kunata? Kwa kushika kifundo cha mkono kamba ni bora, inakaza kote kwa usawa na mkono unakuwa kitu kimoja na glavu. Tatizo unahitaji mtu wa kukufunga na wa kukufungua, ukiwa peke yako unahangaika na meno. Velkro unavaa mwenyewe, ndo maana wengi tunatumia, ila ichague pana, inayozunguka kifundo chote na isiyoachia ukikunja mkono, na kabla ya sparing pitisha tepu juu yake. Ile kona ya velkro ikinyanyuka ni msumeno, nimeona shingo na nyusi za watu zilizochanwa na velkro wala si na ngumi. Kuna na vile vikanda vya kuvalisha juu ya glavu ya kamba ili ifungwe kwa velkro, vinasaidia. Kipimo cha kifundo cha mkono ni rahisi, vaa funga afu bonyeza ngumi yako ukutani taratibu, kama mkono unapinda kwa ndani au kwa nje hiyo glavu haikushiki.

Kuhusu ngozi sitasema mengi. Ya ng'ombe nzuri inadumu na inakuwa laini kadri unavyoitumia, ya mbuzi ni nyepesi zaidi, hizi za kutengenezwa kiwandani zimegawanyika, kuna zilizoboreshwa siku hizi ambazo zinakaribia ngozi na kuna zile za plastiki zinazopasuka kwenye mikunjo mapema sana, na mpasuko ukikauka unakata. Tazama mshono, uzi uwe umekaza mistari miwili pale pa kuvutika, chungulia ndani bitana isiwe na mikunjo wala mshono unaosugua vifundo. Kijana mwenye uwezo mdogo mimi namwambia bora ngozi feki yenye sponji nzuri kuliko ngozi halisi yenye sponji mbovu, kwa sababu mwenzako hapigwi na ngozi.

Majina nayo. Winning ya Japani, ipo tangu 1937, imejijengea sifa ya ulaini na wanaoumwa mikono wanaikimbilia. Cleto Reyes ya Meksiko, ya 1945, sifa yake ni ya wapigaji, ngumi inafika, ingawa wana za mazoezi pia ambazo ni za sponji sio singa. Everlast ilianza 1910 New York ikiuza nguo za kuogelea, leo wanatoa kila ngazi kuanzia ya mtu wa mazoezi ya afya mpaka ya ulingoni, kwa hiyo ukiniambia umenunua Everlast hujaniambia kitu bado, niambie ni ipi. Twins na Fairtex za Tailandi ni imara kweli ila zimezaliwa kwenye ngumi za mateke, kiganja kimeachwa wazi zaidi ili kushika na kukumbatiana, na mgongo wa mkono umejazwa ili kuzuia teke, watu wa ngumi bila mateke wengine wanazipenda wengine zinawasumbua kufunga ngumi. Na msidharau glavu kwa sababu tu imeshonwa Sialkot kule Pakistani, glavu nyingi sana za dunia zinashonwa pale, nzuri mno na mbovu mno, nembo zinakuja kubandikwa tu. Kwenye mtandao ndo balaa zaidi, picha moja ya mbele imepigwa kwa taa, mwambie muuzaji akutumie picha ya kiganja, ya ndani, ya mshono wa dole gumba, na ikiwa juu ya mzani, akianza kukasirika tafuta mwingine.

Jambo ambalo sitalipunguzia makali ni hili la jozi mbili. Ya begi na ya sparing zisiwe moja. Begi linaua sponji na linakwaruza ngozi, na uso wa mtu hauhitaji vyote viwili. Najua jibu, mtu atasema hata hiyo moja nimeipata kwa tabu. Haya, kama ni moja iwe ya sparing, ichague kwa sparing, ilinde kwa sparing, na kwenye begi tumia zile za jimu zilizobaki na uhai ukiwa umefunga bandeji sawasawa na ukapunguza nguvu, begi halina uso halitalalamika. Wanaofanya kinyume, wanatunza mpya kwa begi na kuja kuspari na kuukuu za jimu, hao nashindwa kuwaelewa kabisa.

Nyie makocha mtakaoisoma hii barua na nyie nawaomba kitu. Kabla ya sparing shikeni glavu za wote wawili. Refa anashika kabla ya pambano, msimamizi anasaini mpaka bandeji, na hata hivyo mwaka 2009 Antonio Margarito alikutwa na kitu kigumu ndani ya bandeji kabla ya kupanda ulingoni na Shane Mosley, kona ya Mosley ndo iliyoona. Jimu hakuna refa, kwa hiyo ni mkono wako kocha, bonyeza pale mbele, angalia velkro, pitisha kiganja juu ya ngozi kama kuna ufa au mchanga, iliyokufa mwambie mwenye nayo aipeleke kwenye begi, asipande nayo. Atanuna. Na msiniambie wana kofia za kinga, kofia inapunguza kuchanika na kuvimba lakini ubongo bado unatikisika humo ndani, ndo sababu hata wanaume wa ridhaa walivuliwa kofia kuanzia 2013 na Olimpiki ya Rio 2016 walipigana bila. Glavu laini nayo haizuii kila kitu, nalisema hilo ili mtu asije akavaa 18 akadhani sasa ana ruhusa ya kurusha kwa nguvu zake zote.

Kutunza ni rahisi ila hakuna anayetunza. Zikitoka mkononi zisilale kwenye begi la nguo zimefungiwa na bandeji mbichi, humo ndo ukungu na harufu vinaanzia, na vipele na choa vinavyosambaa jimu nzima kupitia glavu za kuchangia. Zifute ndani na nje kwa kitambaa kikavu, zipanue mdomo, zitundike kwenye upepo kivulini, jua kali linakausha ngozi ikapasuka, na mashine ya kufulia inaua sponji kwa mara moja. Jazeni karatasi ndani zinyonye unyevu. Na hapa Mhariri naomba radhi mapema, hakuna kitu kinachofanya kazi hiyo vizuri kama gazeti la jana, na lako lina karatasi nzuri kuliko ya wapinzani wenu. Baada ya saa chache toa uweke nyingine.

Lini zitupwe? Hakuna tarehe, anayepiga kila siku zake zitakufa mapema na anayekuja wikiendi zitamkalia. Ila dalili zipo, vifundo vinaanza kuuma baada ya begi wakati bandeji ni ileile, mwenza wako wa sparing anaanza kuvimba kuliko zamani na wewe hujaongeza nguvu, kibonyezo cha dole gumba kinazama hakirudi, kuna uvimbe au shimo kwenye sponji, ndani panateleza. Mimi kwenye pedi naisikia mapema zaidi, sauti inabadilika, ile iliyokuwa inatoa pwaa nzito inaanza kutoa ta, kavu, na kiganja changu kinawaka moto.

Kwa hiyo naomba hiyo mistari miwili muirekebishe kwenye toleo lijalo, hata kama ni kwa herufi ndogo. Na ile sehemu ya chini kabisa mlipoandika kwamba kilinda meno mtu anaweza kuazima cha mwenzake akikiosha kwa maji, hiyo nimeiacha makusudi, inataka barua yake peke yake na nitaiandika nikishatulia.

Wako,
Mshika pedi